Muulize Fundi: Laptopu yangu ni ya Linux, timu inataka Windows

SWALI: Shikamoo Fundi. Mwaka huu nimeingia kikundi cha programu cha timu yetu ya FIRST Robotics Competition, mashindano ya roboti ya wanafunzi. Tunaandika kwa lugha ya Java, na ubongo wa roboti ni kompyuta ndogo iitwayo roboRIO 2. Laptopu yangu ni ya zamani. Windows iliilemea, nikaweka Ubuntu, aina ya Linux, na sasa inakwenda vizuri. Nahodha wa programu anasema nikitaka kugusa roboti nirudishe Windows, la sivyo nikasaidie kuchora mabango. Mwenzangu mwingine anasema niweke Windows ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya Linux yangu, mambo yaishe. Nimsikilize nani?
— Mchora mabango wa lazima

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza muulize nahodha wako, kwa upole, hiyo roboRIO yenyewe inatumia mfumo gani. Ni Linux. Tangu ilipoingia mashindanoni msimu wa 2015 inaendeshwa na NI Linux Real-Time; kisanduku kilichoitangulia, cRIO, ndicho kilichokuwa na mfumo mwingine, VxWorks. Kwa hiyo katika karakana yenu wewe na roboti ndio mnaozungumza lugha moja, nahodha ndiye mgeni.

Hata hivyo mgeni huyo hajakosea kabisa. Iko kazi moja ambayo Ubuntu yako haitaifanya: kuendesha roboti uwanjani. Driver Station, ile programu inayopokea joistiki na kuzungumza na mitambo ya uwanja, imetengenezwa kwa Windows tu, na mashindanoni hutakiwa hiyo rasmi. Zipo mbadala za chanzo huria, kama QDriverStation, ambazo hufungua hata kwenye Linux. Nimezijaribu roboti ikiwa imeinuliwa juu ya matofali, magurudumu yakizunguka hewani. Ikiwa chini, hapana. Kwenye Driver Station rasmi vidole vyangu vinajua bila kuangalia kwamba Enter inaizima roboti na kitufe cha nafasi kinaikata kabisa. Mashine ya zaidi ya kilo 50 ikianza kukufuata miguuni si wakati wa kutafuta kitufe kipya.

Basi gawanyeni kazi. Timu iwe na laptopu moja ya Windows ya kuendeshea, isiyoandikiwa programu wala kuchezewa michezo. Yako iwe ya kuandika programu, kuijenga iwe tayari kuendeshwa, kuiga roboti kwenye skrini na kupakia programu kwenye roboti yenyewe. WPILib, maktaba mnayotumia, ina toleo la Linux la biti 64, na hujisakinisha ndani ya folda ya wpilib kwenye nyumba yako, kila msimu na folda yake ya mwaka, pamoja na Java yake. Usihangaike na Java uliyo nayo tayari. Kupakia ni kwa waya wa USB, ambapo roboRIO hupatikana kwenye 172.22.11.2, au kupitia redio ya roboti kwa anwani inayotokana na namba ya timu: timu namba 1234 itaikuta kwenye 10.12.34.2.

Siku ya kwanza utakwama, nakuambia mapema. Utavuta kwa git (zana ya kushirikiana programu) mradi wa wenzako wa Windows, uandike ./gradlew build, amri ya kuanzisha Gradle, zana inayojenga programu, ujibiwe kwamba huna ruhusa. Hujaharibu kitu. Windows haina habari na ile alama ya Linux inayosema faili hili linaweza kutekelezwa, kwa hiyo lilihifadhiwa bila alama. Andika chmod +x gradlew, kisha git update-index --chmod=+x gradlew ili alama ibaki ndani ya mradi na anayekufuata asihangaike. Ukiona malalamiko yenye ^M, ni miisho ya mistari ya Windows imejipenyeza kwenye faili hilo; ibadilishe iwe ya Linux. Na jengo la kwanza lifanye ukiwa na intaneti, maana Gradle hupakua vitu vingi, na ukishajiunga na redio ya roboti intaneti huna. Nimeshuhudia kijana akiangalia mstari wa kupakua usiosogea kwa dakika ishirini, roboti iko mbele yake, yeye analaumu betri.

Sasa nikupe silaha ya kumnyamazisha nahodha. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Linux inatofautisha. Timu niliyokuwa naisaidia ilikuwa na faili la njia ya sehemu ya kujiendesha, limewekwa kwenye src/main/deploy kwa jina Kushoto.json, na programu inaliita kushoto.json. Kwenye uigaji wa laptopu za Windows roboti ilitembea njia yake vizuri kabisa. Tukapakia. Faili likafika /home/lvuser/deploy ndani ya roboRIO, roboti ikalitafuta kwa jina lenye k ndogo, ikakosa, programu ikaanguka. Tulikagua nyaya, tukabadilisha betri, tukakaribia kufungua sanduku la gia. Aliyegundua ni binti mmoja mwenye laptopu ya Linux, kwa sababu kwake uigaji ulianguka vilevile, mezani, kabla hata roboti haijawashwa. Tangu hapo kwangu hakuna programu inayokwenda kwenye roboti bila kupita kwanza kwenye mashine ya Linux ya mtu.

Huo uigaji wa WPILib, kwa njia, hauhitaji Driver Station. Dirisha lake lenyewe lina sehemu ya kuwasha na kuzima roboti, na kibodi yaweza kuwa joistiki. Ukichomeka kidhibiti cha mkononi na ukaona mihimili (mielekeo ya vijiti na vichochezi) imechanganyikana, kijiti cha kulia kinafanya kazi ya kichochezi, weka tiki kwenye "Map gamepad" kabla hujaanza kurekebisha programu ambayo haina kosa.

Kuhusu kuweka mfumo mpya ndani ya roboRIO mwanzoni mwa msimu, mna bahati. Ya kizazi cha kwanza ingewalazimu kutumia zana ya Windows. Yenu husoma kadi ya microSD. Taswira, yaani nakala ya mfumo mzima, unaiandika kwenye kadi kwa programu ya Etcher kwenye Ubuntu, halafu namba ya timu unaiweka kwa kile kiprogramu cha WPILib kiitwacho roboRIO Team Number Setter.

Mashine pepe? Hapo nina kovu. Niliwahi kwenda mashindanoni na Driver Station ndani ya Windows iliyo ndani ya Linux yangu, kwa kiburi tu cha kuonyesha kwamba inawezekana. Mazoezini ilifanya kazi wiki mbili. Uwanjani, waya wa joistiki ulicheza kidogo, Linux ikaiona kama kifaa kipya, ikaichukua yenyewe, na Windows iliyo ndani ikabaki haina kitu mkononi. Roboti yetu ilisimama katikati ya uwanja, washirika wetu wakiizunguka. Watoto hawakunisema. Afadhali wangenisema.

SWALI: Fundi, sisi tuna roboti za LEGO za EV3 za zamani na kompyuta za Linux tu. Zimekufa hizi?
— Mlezi wa klabu

JIBU: Ndugu mlezi, hazijafa. EV3, iliyotoka 2013, nayo ni Linux kwa ndani, na ina tundu la kadi ya microSD. Pakua ev3dev, ambayo ni Debian, aina ya Linux, iliyotengenezewa tofali hilo (kile kisanduku cha EV3 chenye vitufe), uiandike kwenye kadi ya gigabaiti 2 au zaidi, isiyozidi 32, uwashe. Mwasho wa kwanza huchukua dakika kadhaa, usiuchomoe. Ingia kutoka kompyuta yako kwa ssh (amri ya kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao), jina robot, neno la siri maker, mwandike programu kwa lugha ya Python. Programu ya kiwandani haiguswi. Ukitoa kadi, tofali linarudi lilivyokuwa. Tahadhari yangu ni moja: tofali lina RAM ya megabaiti 64 tu, na Python ya kawaida hujivuta sana kuanza. Tumia MicroPython, Python nyepesi ya mashine ndogo, hasa roboti ikiwa imeshawekwa mezani na mwamuzi anasubiri.