Umekopa au umekopesha?

Niliwahi kuwa karani katika ofisi ya utalii Arusha, na sehemu kubwa ya siku yangu ilikuwa kuandika barua pepe kwa Kiingereza. Msimu mmoja kampuni nyingine ilituomba mahema mawili, maana wageni wao walikuwa wameongezeka. Bosi akaniambia, "Waandikie tutawaazima." Nikaandika: "We will borrow you two tents."

Aliyeisoma hakuwa Mswahili. Alipoona borrow alielewa kwamba sisi nasi tumepungukiwa, tunatafuta mahema kwao. Akaenda mjini akakodi mengine kwa fedha taslimu, huku yetu mawili yamekunjwa stoo. Bosi alikasirika, na alikuwa na haki. Mimi nilikuwa nimefaulu Kiingereza shuleni na maana ya borrow na lend nilikuwa nimeikariri. Sikuelewa kwa nini vidole viliandika kinyume.

Jioni nilimsimulia jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza swali moja: "Mwanangu, hapo mlikuwa mnakopa au mnakopesha?"

"Tunakopesha, mwalimu."

"Basi ungeanzia hapo. Hilo azima linakwenda pande zote mbili."

Ni kweli. Tunasema "niazime kalamu" na tunasema "nimeazima kalamu kwake", kitenzi kilekile, na masikio yanaelewa kwa sababu ya viambishi. Mtu anayetafsiri azima kichwani hana cha kumwonyesha upande. Lakini kopa na kopesha haviwezi kugongana. Borrow ni kukopa, lend ni kukopesha. Tangu siku hiyo, kila ninapotaka kuandika moja ya maneno hayo mawili, naliweka azima pembeni kwanza.

Kutoka hapo nilianza kuona jambo ambalo ningependa kila anayejifunza Kiingereza aambiwe mapema. Mengi ya maneno ya Kiingereza yanayotuchanganya ni yale ambayo Kiswahili huyatenganisha kwa mnyambuliko tu. Sisi tunabadili mwisho wa kitenzi; wao wanachukua neno jingine kabisa. Kwa hiyo tofauti unayoihangaikia tayari unayo mdomoni, umekua nayo.

Chukua kumbuka na kumbusha. Nimeona barua nyingi za kikazi zenye "Please remember me on Friday about the payment." Mwandishi alitaka kukumbushwa. Msomaji anapata "unikumbuke Ijumaa", kama maneno ya mtu anayeaga. Kumbuka ni remember, kumbusha ni remind, na ukimkumbusha mtu lazima mtu huyo atajwe: "Please remind me."

Au panda na pandisha. Bei imepanda yenyewe: the price has risen. Mwenye duka ameipandisha: he has raised the price. Ukiandika "the price has raised", Mwingereza anabaki akisubiri: imepandisha nini? Kipimo changu ni hicho. Nikiweza kuweka -sha kwenye Kiswahili changu, neno la Kiingereza lazima lifuatwe na kitu kinachotendwa.

Lala na laza ndilo jozi lililonisumbua zaidi, na linawasumbua hata waliozaliwa na lugha hiyo. Lie ni kulala au kujinyoosha, lay ni kulaza kitu mahali. Ugumu unakuja kwenye wakati uliopita, kwa sababu "alilala" ni lay, na "alilaza" ni laid. Neno lay linakaa kwenye vyumba viwili. Hapo hakuna ujanja. Mistari miwili inabidi iimbwe kama shairi: lie, lay, lain. Halafu lay, laid, laid. Na tahadhari kidogo kwa wanaoandika habari za hospitali: mgonjwa aliyelazwa wodini ni admitted, siyo laid.

Nilipochimba zaidi nikakuta kwamba Kiingereza nacho kilikuwa na kauli yake ya kutendesha zamani. Lugha mama ya Kiingereza na Kijerumani iliweka kiambishi mwishoni mwa kitenzi, karibu kama sisi, na kiambishi hicho kikabadili irabu ya ndani kabla ya kupotea. Ndiyo maana kuna sit na set, kaa na kalisha. Kuna fall na fell, anguka na angusha, ingawa fell hii leo imebaki zaidi kwa wakata miti. Kujua hivyo kulinipa faraja kubwa. Niliacha kuyaona maneno haya kama mitego iliyotegwa kwa ajili ya wageni.

Mnyambuliko wa kutendea nao unafanya kazi hiyohiyo. Simu yangu iliibwa stendi, nikamwandikia mteja "I was stolen." Kwa Kiswahili hatuwezi kukosea hapo: nimeibwa ni mimi niliyechukuliwa na wezi, nimeibiwa ni mimi niliyepoteza mali. Steal ni kuiba kitu. Rob ni kumwibia mtu, au kuiibia benki. Kwa hiyo "my phone was stolen", lakini "I was robbed". Hata hivyo rob ina uzito wake. Katika sheria za Kenya na Tanzania robbery ni wizi ulioambatana na nguvu au kitisho cha nguvu, kile tunachokiita unyang'anyi, na adhabu yake ni kubwa kuliko ya wizi wa kawaida. Kama simu ilichomolewa mfukoni bila wewe kujua, usiandike robbed kwenye maelezo ya polisi. Andika kwamba simu iliibwa.

Sema na ambia ni hivyohivyo. Say hubeba maneno, tell humtaka mtu: "he said that", "he told me". Ukijiona unaandika "he said me", isome kwa Kiswahili: alinisema. Alikuteta, basi?

Lakini njia hii ina mipaka, na wakati mwingine lugha yetu ndiyo huficha tofauti. Mjomba aliyenisomesha hakunifundisha hata herufi moja, alilipa ada. Teach haifai hapo, wala learn. Nasema "my uncle paid for my education", na heshima yake inabaki palepale. Usalama wetu mmoja unagawanyika kuwa safety, kuepukana na ajali, na security, kulindwa dhidi ya watu wabaya. Mguu mmoja ni leg na foot, na daktari asiyejua Kiswahili atahitaji ujue ni upi unaouma.

Na kuna mahali Kiswahili kinawashinda. Kupanga nyumba na kupangisha, kwao zote zinaweza kuwa rent. Ukiandika "I rent a house in Moshi", msomaji hajui kama wewe ni mpangaji au mwenye nyumba. Kama ni yako, ongeza neno: "I rent out a house." Kuoa, kuolewa na kuoza, zote tatu ni marry, na padri aliyefungisha ndoa naye "married them".

Daftari langu la jozi hizi bado ninalo. Upande wa kushoto niliandika Kiswahili kwanza, kitenzi na mnyambuliko wake, kulia Kiingereza. Ukianza lako, anza na vitenzi unavyovitumia kazini kwako. Langu lilianza na mahema.