Shemeji, timu ndogo za Ujerumani si mlango wa nyuma wa Bundesliga

Shemeji,

Nimesikiliza sauti zako zote kwenye grupu la familia, na za mama pia. Mmeuliza waziwazi, nami nijibu waziwazi. Kuna wakala kawafuata hapo Tanga, kasema kijana wenu atafanyiwa majaribio kwenye timu ndogo za Ujerumani, kwa sababu huko ushindani ni mdogo na timu zenyewe zinaweza kupanda mpaka Bundesliga, ligi kuu ya huku. Ukaitaja na klabu ya Unterhaching iliyo jirani yangu: "Si ilicheza na Bayern hiyo?" Mnataka nithibitishe, kisha nichangie hela anayoidai.

Sichangii. Ila msije mkasema nimeingiwa na roho mbaya ya watu wa ughaibuni. Ngoja niwasimulie hiyo Unterhaching, maana naijua, na jibu lote limo ndani ya hadithi yake.

Kwanza ni mahali padogo. Watu 25,000 hivi, pamegusana na Munich upande wa kusini. Ukipanda treni ya S3 kutoka katikati ya jiji, unafika kabla hujamaliza kusoma ujumbe wa grupu letu. Uwanja unaingiza watu 15,000 na kidogo, yaani zaidi ya nusu ya wakazi wote, vichanga na wazee wakiwemo. Na wengi wa wakazi hao ni mashabiki wa Bayern, klabu kubwa ya Munich, tusidanganyane.

Klabu ni ya tangu 1925, na ilifika juu kwa kupanda na kuporomoka. Mwaka 1989 waliingia daraja la pili, msimu mmoja wakashuka. Mwaka 1992 wakarudi, wakashuka tena. Mwaka 1995 wakapanda, safari hii wakang'ang'ania. Mwaka 1999, chini ya kocha Lorenz-Günther Köstner, wakamaliza wa pili nyuma ya Arminia Bielefeld na kuingia Bundesliga. Kila mtu alisema watarudi chini mara moja. Wakamaliza msimu wa kwanza nafasi ya kumi.

Lakini wazee wa hapa hawakusimulii nafasi ya kumi. Wanakusimulia tarehe 20 Mei 2000. Siku ya mwisho ya ligi, Bayer Leverkusen wanakuja Unterhaching wakiwa na pointi tatu zaidi ya Bayern. Walihitaji sare tu, sare moja dhidi ya kitimu cha kitongoji ambacho hakikuwa na cha kupigania tena. Kocha wao ni Christoph Daum, na kiungo wao ni Michael Ballack, kijana anayetajwa kila mahali. Kipindi cha kwanza Ballack huyohuyo akaujaza mpira wavuni kwake mwenyewe. Kipindi cha pili Markus Oberleitner akapiga kichwa, mbili bila. Upande wa pili wa jiji Bayern wanawafunga Bremen tatu kwa moja, pointi zinalingana, Bayern bingwa kwa tofauti ya mabao. Leverkusen walikuwa hawajawahi kuwa mabingwa wa Ujerumani, na ilibidi wasubiri mpaka 2024.

Sasa sikiliza na hili, maana watu wengi hulisahau. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Mei 2001, siku ya mwisho tena, Unterhaching hawahawa wamo tena kwenye mechi inayogusa ubingwa. Safari hii wako Gelsenkirchen kwa Schalke, na wao wenyewe wanahitaji pointi wasishuke. Wakaongoza mbili bila. Schalke wakasawazisha kabla ya mapumziko. Unterhaching wakaongoza tena tatu kwa mbili. Mwisho Schalke wakashinda tano kwa tatu, watu wakavamia uwanja wakilia kwa furaha kwamba ni mabingwa, na kwa dakika chache walikuwa mabingwa kweli, mpaka Patrik Andersson wa Bayern aliposawazisha kule Hamburg katika dakika za nyongeza. Ujerumani nzima ikawalilia Schalke. Unterhaching walishuka daraja siku hiyohiyo, na nadhani nje ya kitongoji hiki hakuna aliyetoa hata chozi moja. Mtu mdogo akianguka siku ambayo mkubwa naye kaanguka, msiba wake hauna waombolezaji. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko yote kwenye hadithi hii.

Hawakurudi tena Bundesliga. Mwaka 2002 wakashuka mpaka daraja la tatu, 2003 wakapanda, 2007 wakashuka. Mwaka 2015 wakaangukia la nne, Regionalliga, ligi ya mkoa. Wakarudi la tatu 2017. Mwaka 2019, chini ya rais Manfred Schwabl, aliyekuwa mchezaji wa Bundesliga zamani, wakauza hisa kwenye soko la hisa la Munich. Klabu ya pili ya Ujerumani kufanya hivyo baada ya Borussia Dortmund! Lengo lilikuwa kupata fedha za kurudi daraja la pili. Miezi michache baadaye corona ikafunga viwanja, na 2021 wakashuka. Mwaka 2023 wakapanda kwa mechi za mchujo dhidi ya Energie Cottbus. Mwaka 2025 wakashuka tena, wakishika mkia.

Ugumu uko hapo daraja la tatu, na ndipo wakala wenu anapowaficha. Daraja la kwanza na la pili hulishwa na fedha za televisheni. La tatu ni ligi ya kulipwa yenye safari za nchi nzima na masharti mazito ya uwanja, lakini fedha za televisheni ni kidogo sana ukilinganisha na daraja la juu yake. Klabu ndogo inabaki na njia moja: ilee vijana na kuwauza. Unterhaching walimlea Karim Adeyemi baada ya kuondoka kwenye akademia ya Bayern akiwa mtoto. Mwaka 2018 wakamuuza Salzburg kwa takriban euro milioni 3, na baadaye akaichezea timu ya taifa ya Ujerumani. Najua shemeji utasema, "Si umeona, mtoto wa Mwafrika!" Baba yake ni Mnaijeria, kweli. Lakini kazaliwa Munich, kakulia Munich. Hakuna wakala aliyemleta na begi.

Na Yussuf Poulsen, mshambuliaji wa Denmark mnayemtaja kila mara kwa kuwa baba yake ni Mtanzania, naye alikulia Copenhagen. Alipofika RB Leipzig 2013 alikuwa tayari amecheza ligi ya Denmark. Msimu huo Leipzig walikuwa daraja la tatu pamoja na Unterhaching. Tazama walipo sasa hawa na wale. Wajerumani wanajisifu kwamba kwao lazima wanachama wa klabu wabaki na zaidi ya nusu ya kura, hivyo tajiri hawezi kuinunua timu akaihamisha mji kama Ihefu walivyohamia Singida na kubadili jina. Wanasema hivyo, lakini 2009 kampuni ya Red Bull ilichukua nafasi ya SSV Markranstädt, kitimu cha mji mdogo kando ya Leipzig kilichokuwa daraja la tano, ndiyo ikawa RB Leipzig. Wenye kura humo ni wachache, na ni wa kuteuliwa kwa uangalifu.

Turudi kwa kijana. Akiwa chini ya miaka 18, sheria za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa isipokuwa kwa sababu chache maalumu, na ndoto ya mzazi si mojawapo. Akishatimiza, sheria ya ajira ya hapa inataka mwanamichezo wa kulipwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya alipwe mshahara usiopungua nusu ya kikomo cha michango ya pensheni, yaani kiwango cha juu cha mshahara kinachokatwa michango hiyo. Kwa mwaka 2025 kikomo hicho kilikuwa euro 8,050 kwa mwezi, kwa hiyo nusu yake ilikuwa 4,025. Timu ya daraja la nne imlipe hivyo winga asiye na jina, wakati wachezaji wengi wa madaraja hayo wana kazi nyingine mchana? Hapo ndipo kushuka kwa timu kunapomgusa mtoto wenu moja kwa moja. Kila daraja timu inaposhuka, viza nayo inakwenda mbali.

Mimi mwenyewe huenda uwanjani baadhi ya Jumamosi nikitoka zamu. Nanunua juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi, wenzangu wana bia zao, tunasimama. Viti vitupu ni vingi. Ukishuka tena mpaka timu za vijijini utakuta mzazi ndiye anayefua jezi, mstaafu ndiye anayechora mistari ya uwanja, na wengi hawalipwi hata senti. Kwa mgeni hizo timu ni neema kubwa, nasema kwa dhati. Kazini mtu anaweza kukaa miaka bila kualikwa hata chai, lakini ukiwafungia bao Jumapili unajulikana mtaa mzima. Upweke wa huku hauna dawa nyingi, na hiyo ni mojawapo. Lakini ni dawa ya upweke. Haijengi nyumba Tanga.

Kwa hiyo njia ninayoiamini ni hii. Kijana amalize shule, vyeti vyake viwe safi, ajifunze Kijerumani mpaka B1, yaani kiwango cha kati, tumtafutie mafunzo ya ufundi au uuguzi. Mwanafunzi wa fani nyingi hulipwa zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi anapojifunza, na jioni atacheza na timu ya mtaani kwake. Akiwa kweli ana kipaji, watamwona. Wasaka vipaji wa hapa wanafika mpaka viwanja vya kando ya mashamba ya mahindi. Wasipomwona, atakuwa fundi mwenye kibali cha kuishi.

Najua si jibu mlilotaka, na najua mama ataninunia. Ada ya darasa la Kijerumani nitailipa mimi, miezi yote mpaka mtihani. Aanze hata wiki ijayo, na mazoezi asiache.