BSA Bantam iliyolala stoo: kabla hujatoa hela, na baada ya kuifikisha nyumbani

Mkuu, umeweka picha na kueleza kwamba kuna BSA Bantam, ile pikipiki ndogo ya zamani ya Kiingereza, imelala stoo kwa mzee mmoja Mpwapwa, injini imeshika (haigeuki), inasemekana ni ya cc 175 aina ya D7, na mwenyewe anasema ilikuja na Wazungu wa mradi wa kilimo cha karanga wa Kongwa. Unauliza uichukue au uachane nayo, na ukiichukua uanzie wapi. Ninayo Bantam D1, yaani aina ya kwanza kabisa, hapa Dodoma, niliinunua ikiwa haigeuki hata robo mzunguko, leo natembea nayo. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu pikipiki hizi zimebaki chache na nyingine nimeziona zikiishia kwenye mizani ya chuma chakavu.

Nianze na Kongwa. Mradi wa karanga ulianza 1947 ukafa 1951. Bantam za kwanza zilitoka kiwandani Small Heath, Birmingham, mwaka 1948, kwa hiyo hadithi ya namna hiyo inawezekana kwa Bantam za mwanzo. Lakini picha yako inaonyesha shokapu mbili nyuma. Zile za 1948 zilikuwa kavu kabisa nyuma, tairi limefungwa kwenye fremu basi. Baadaye zikaja zenye springi fupi zilizosimama kwenye ekseli. Shokapu kama hizo zako zilikuja katikati ya miaka ya 1950. Na kama kweli ni 175 aina ya D7, hiyo ni ya 1959 kuja mbele, wakati Kongwa mradi umeshakuwa historia. Chombo bado ni kizuri, ila usiongeze hata shilingi kwa ajili ya hadithi.

Hiyo ya injini kushika isikutishe. Mimi ningekwenda Mpwapwa na tochi nikaangalia kitu kimoja: kipi kipo na kipi hakipo. Bantam isiyowaka lakini imekamilika ni bora mara nyingi kuliko inayowaka huku imeshavuliwa vitu. Pistoni, ringi, gesketi, sili, pointi na kondensa bado vinatengenezwa na vinaagizika kutoka Uingereza. Kinachosumbua ni vya nje: madigadi, tangi, boksi la vifaa, taa ya mbele na pete yake, kabureta ya Amal. Ukikuta tangi limepasuka au taa imewekwa ya bodaboda, hapo ndipo bei ishuke. Injini iliyoshika muuzaji ataitaja mwenyewe, lakini pete ya taa iliyopotea hatakutajia.

Soma namba pia. Ya fremu imegongwa kwenye kichwa cha fremu, pale fork inaposhikia, na ya injini iko kwenye kesi yake. Usishangae zikitofautiana: kwa Bantam za miaka hiyo kiwanda hakikuzifananisha. La muhimu ni kadi iandikwe zote mbili kama zilivyogongwa kwenye chuma. Na kama jina kwenye kadi ni la marehemu, simama hapo hapo. Yangu niliichukua kwa familia moja ya Kondoa, kadi ina jina la baba yao aliyekwisha kufariki. Watoto walitaka tuandikiane tu, mjumbe awe shahidi. Nikawaomba kwa heshima wakamilishe mirathi Mahakama ya Mwanzo, apatikane msimamizi, ndipo tuuziane. Ilichukua muda, mama yao akanishukuru baadaye kwa sababu na shamba lilihitaji karatasi hiyo hiyo. Bila msimamizi, TRA hutabadilisha jina, na siku chombo kikianza kung'aa ndugu wengine watatokea.

Ukame wetu unakusaidia na kukuumiza. Chuma huku hakiliwi na kutu kama Tanga au Dar. Rangi ya kijani mpauko ya kiwandani niliikuta nzima chini ya koti mbili za rangi ya mlango. Mpira ndio unaokufa. Matairi na mpira wa petroli, vyote hesabu kama havipo. Na nyigu: ondoa kabureta uangalie kila tundu, maana wanajenga kwa udongo ndani kabisa, mpaka kwenye bomba la moshi.

Kuifungua injini iliyoshika: toa plagi, jaza mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi juu ya pistoni, iache wiki kadhaa ukiongeza. Halafu ingiza gia kubwa, sukuma tairi la nyuma taratibu mbele na nyuma. Usipige kiki, meno ya kiki yatakatika kabla pistoni haijasogea. Wala usiruhusu mtu apige nyundo kwenye pistoni.

Kabla hujagusa nati hata moja, tafuta spana zake. Nati za Kiingereza za enzi hizo si za milimita, wala si za inchi hizi za Kimarekani. Spana zake zinaitwa Whitworth, na zinaandikwa kwa unene wa bolti, si upana wa nati: ile iliyoandikwa 1/4 ina mdomo wa milimita 13.3 hivi. Kwa hiyo spana 13 haiingii, 14 inaingia inacheza, na fundi mwenye haraka anaizungusha hivyo hivyo mpaka nati inakuwa duara. Nyuzi nazo ni zao. Bolti nyingi za pikipiki zina nyuzi 26 kwa inchi, na bolti ya dukani itaingia mizunguko miwili kisha inaharibu kesi. Mimi spana nilizipata kwa wazee waliofanya kazi karakana za zamani, wanazo kwenye masanduku hawazitumii. Uliza kwa adabu, wengi watakuazima au kukuuzia kwa bei ya kawaida.

Sasa sili, hapa nakuomba unisikilize sana. Bantam inachanganya oili na petroli, na hewa inasukumwa kwanza chini, kwenye chumba cha krenki. Sili za krenki zikikauka, na kwa umri huo zimekauka, upande wa magneto (kinachozalisha umeme) unavuta hewa safi: injini inakwenda na petroli pungufu, inachemka, pistoni inatoboka. Upande wa klachi unavuta oili ya gia: moshi mweupe mzito hauishi, na kila ukipima oili ya giaboksi imeshuka. Watu wanabadilisha ringi, wanasafisha kabureta, wanaikatia tamaa, kumbe ni sili mbili. Kuzifikia lazima upasue kesi. Fanya hivyo mara moja, mwanzoni, hata kama injini imewaka vizuri siku ya kwanza.

Kwa kazi hiyo usimpe kijana anayejua bodaboda za Boxer tu, hata kama ni hodari. Tafuta fundi aliyeshika Yamaha AG 100 au DT 125 za mabwana shamba. Huyo anaijua injini inayochoma oili pamoja na petroli, yaani two-stroke. Nilimpata wa kwangu Majengo, na nilimwambia historia yake akafurahi: mchoro wa Bantam ulikuwa wa DKW RT 125 ya Ujerumani, uliochukuliwa kama fidia baada ya vita, na Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya 1955, ilifuata mchoro huo huo. Waingereza waligeuza kushoto kuwa kulia, ndiyo maana gia yako iko mguu wa kulia na breki kushoto. Akasema sasa anaelewa kwa nini mikono yake haikuona ugeni.

Silinda ikiwa imelika, ichongwe kwa kufuata pistoni uliyokwisha kuishika mkononi, si kinyume chake. D1 ina kipenyo cha milimita 52, D7 61.5. Mtu atakushauri pistoni ya bodaboda inayokaribiana. Kataa. Silinda ya Bantam ina madirisha ukutani, yaani matundu ya kupitishia hewa na moshi, na pistoni yake ina vipini vidogo vinavyozuia ringi isizunguke. Bila vipini, ncha ya ringi itanasa dirishani na utasaga kila kitu.

Umeme ni volti 6, na Waingereza wengi walifunga chanya kwenye bodi, kinyume cha tulivyozoea. Andika hilo kwa rangi karibu na betri. Moto ukiwa hafifu, badilisha kondensa na waya wa plagi kabla hujalaumu koili.

Matairi umepata bahati: D1 yangu inachukua inchi 19, shida kuipata, lakini D7 ni 18 na hiyo madukani ipo. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Na kama rangi ya zamani imebaki walau nusu, naomba uiache. Ioshe, ipake nta. Kuna mtu atakayekuambia uweke injini ya Kichina ili uokoe muda. Ukifanya hivyo umenunua fremu, Bantam imekwisha.

Kwenye tangi mimi naweka mililita 200 za oili kwa lita 5 za petroli, nachanganya kwenye dumu kwanza. Kichujio cha hewa kioshe kwa petroli na ukipake oili mara kwa mara, vumbi la huku linajulikana. Breki zake ni ndogo, kwa hiyo barabara kuu ya Morogoro waachie mabasi na malori; njia ya Hombolo asubuhi ya Jumapili inaitosha kabisa.

Ukienda Mpwapwa, piga picha ya namba zote mbili, kabureta kwa karibu, na upande wa kulia wote, uziweke hapa kabla hujalipa. Herufi za mwanzo za namba zitatuambia ni aina gani, kisha tutazungumza bei.