Vikombe mgongoni: kwa mchuaji anayeanza

Mchuaji mpya akipata seti ya vikombe vya kuumika, vile vinavyonyonya ngozi kwa pampu, hukimbilia kuvuta kwa nguvu, maana mteja naye huja akitaka kuona miduara myeusi mgongoni. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Ile alama si sumu wala "damu chafu": ni vishipa vidogo vilivyopasuka chini ya ngozi, na hufifia baada ya siku chache, pengine wiki mbili. Kumwambia mteja vinginevyo ni kupiga chuku, kwa maana zote mbili, ya kuumika na ya kutia chumvi.

Anza kwa mikono. Mchue dakika 10 hivi kwa mafuta ya nazi, mgongo upate joto nawe ujue wapi pamekaza. Mafuta ya karafuu au ya makonyo (vikonyo vya karafuu), ambayo Pemba hayakosekani, usiyaweke chini ya kikombe, yanaunguza. Ukiyatumia kuchulia, matone 3 katika vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi yanatosha.

Halafu futa mafuta kwa taulo pale pa kuweka kikombe. Kikombe kikidondoka, mara nyingi ukingo una mafuta, au kimekalia nywele au mfupa. Kikishika kisha kikalegea chenyewe, tazama vali, kile kizibo cha hewa juu ya kikombe. Mchanga na mafuta yaliyoganda hukaa humo.

Weka penye nyama: mabegani, na kandokando ya uti wa mgongo, vidole viwili kutoka mfupani. Piga pampu mara moja au mbili tu, ngozi ipande kama nusu sentimita. Mteja wa mara ya kwanza dakika 3 hadi 5, aliyezoea usimpitishe 10. Usitoke chumbani. Ngozi ikiwa nyekundu kidogo ni sawa. Ikiwa zambarau ndani ya dakika moja, legeza, la sivyo utamtoa malengelenge. Wakati wa kuondoa, inua kichwa cha vali. Kikombe cha kioo, bonyeza ngozi kando ya ukingo hewa iingie. Usikinyofoe.

Kikombe cha kutelezesha kinataka mafuta mengi na mvuto hafifu. Kipandishe kutoka kiunoni hadi begani, mara 5 kila upande. Ngozi ikijikunja mbele yake kama shuka, mvuto umezidi.

Vya moto, vinavyovuta kwa pamba ya spiriti iliyowashwa, viache kwanza. Pamba inayochuruzika spiriti humdondoshea mteja moto mgongoni.

Usimwekee kabisa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini. Usiweke juu ya jeraha, mishipa ya miguu iliyovimba, wala tumbo na kiuno cha mjamzito. Wala ngozi iliyoungua jua. Watalii wa Nungwi na Paje hufika nayo kila siku, nao hawasemi mpaka uguse. Uliza pia kama amefunga. Wengi huja tarehe 17, 19 na 21 za mwezi mwandamo, siku za sunna za hijama (kuumikwa), na mwenye njaa akiinuka ghafla huona kizunguzungu. Mkalishe dakika 5 kwanza.

Akitaka hijama ya kuchanja, yaani ngozi ikatwe kidogo damu itoke, mwambie hapana. Ile ni kazi ya damu, yenye hatari ya homa ya ini na VVU, na inataka mafunzo yake, nyembe mpya, glavu, vikombe vya kutumia mara moja, na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Baada ya kila mteja osha vikombe kwa sabuni, kisha viloweke dakika 10 katika Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita. Suuza, anika. Fungua na vali pia.