Umeandikiwa kliniki ya maumivu? Kaa kitako kwanza

Juzi mama mmoja wa Wete, huku kwetu Pemba, kaniandikia: "Mwalimu, nimepewa barua ya rufaa niende kliniki ya maumivu Dar. Wananambia huko ndiko wanakopelekwa walioshindikana. Nifanye nini kabla sijapanda boti?" Nilicheka, kisha nikakasirika. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, tena na watu wa nyumbani.

Walioshindikana! Kliniki ya maumivu ni ya mtu ambaye maumivu yake yamekaa. Madaktari wanahesabu miezi 3. Yakizidi hapo huitwa maumivu sugu, na yanaweza kuendelea hata baada ya kile kilichoyaleta kupona, kwa sababu mishipa ya fahamu na ubongo vimeshakuwa vyepesi mno kuhisi. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kiliandika upya maana ya maumivu, na humo wakasema wazi kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Natamani ningeibandika ukutani kwa shemegi yangu.

Kiuno changu kilianza msimu wa karafuu, tukianika na kuanua majamvi mvua ikitishia. Kikashuka pajani, kikafika unyayoni, usiku mguu unawaka. Asubuhi nasimama mbele ya darasa nafundisha, nacheka na wanafunzi. Kuna daktari alitupia jicho eksirei akanambia, "Mifupa yako safi, mwalimu, punguza mawazo." Basi shemegi akapata la kusema: mwalimu kachoka kuamka alfajiri. Neno hilo likanifuata harusini na msibani. Sijalisahau, na anajua, maana anasoma humu. Eksirei inaonyesha mifupa. Mshipa wa fahamu uliobanwa hauonekani pale. Na hata kipimo cha MRI, wapo wanaokutwa na diski, vile vitakia vya baina ya mifupa ya mgongo, zimechakaa na hawaumwi popote. Kwa hiyo picha peke yake haisemi kama unaumwa au huumwi. Wewe ndiye wa kusema.

Ndiyo maana nilipopata rufaa nikanunua daftari. Kila usiku naandika: pameuma wapi, saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, nimemeza nini, nimelala vipi. Mfano: "Nimesimama vipindi viwili. Mguu wa kushoto ganzi mpaka kidole gumba. Kukaa kunazidisha, kutembea kunapunguza. Sikulala." Basi, hayo tu. Mambo ya foleni, boti na kutafuta pa kulala siwachoshi nayo, ila msifike asubuhi ya miadi mmetoka bandarini moja kwa moja. Baada ya boti mbili kiuno hakina la kumwambia daktari isipokuwa hasira.

Yule mtaalamu alilifungua daftari langu, akasoma kurasa kadhaa, akamwita mwenzake chumba cha pili: "Njoo uone mgonjwa anavyojiandaa." Naringa, niacheni niringe. Alisema nimemrahisishia kazi, na muda uliobaki akautumia kunipima: nguvu za miguu, hisia, naweza kuinuka kwa visigino au siwezi.

Sasa, kuna swali watakuuliza na wengi wetu huku kwetu tunaliharibu. Kutoka 0 mpaka 10, ambapo 0 huumwi kabisa na 10 ni maumivu makali kuliko unavyoweza kufikiria, wewe uko wapi? Mpemba ukimuuliza hali, hata kalala kitandani wiki nzima, atakujibu "Alhamdulillahi, hatujambo." Adabu nzuri hiyo, iache mlangoni. Nilimsikia bibi mmoja pale akijibu "sijambo mwanangu" huku jasho linamtoka, na daktari kalamu mkononi anaandika. Sema nambari ya leo, ya siku mbaya na ya siku nzuri. Sema pia yanavyouma: yanachoma, yanapwita, yanavuta, ganzi, au kama umeme unapita.

Msindikizaji nae. Usichukue mtu kwa sababu anaijua Dar. Chukua aliyekuona usiku. Mimi mume wangu alitaka kunipa kaka yake anisindikize, nikasema hapana, nikaenda na binti yangu anayenivisha viatu.

Dawa zote tia kwenye mfuko, na maganda yake. "Kile kidonge cheupe" hakimsaidii mtu. Wengi tunameza diklofenaki kutoka duka la dawa huku jirani katupa ibuprofeni, kumbe ni jamii moja: zikichanganywa na zikitumika muda mrefu zinaumiza tumbo na figo, na kwa mwenye presha ndiyo zaidi. Panado nayo ina mpaka wake, mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na dawa nyingi za mafua tayari zina panado ndani yake. Ukiwa na sukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema kabla hawajazungumzia sindano yoyote. Na usijiachishe dawa ghafla ili "daktari aone maumivu halisi". Mitishamba, hijama, mkando, hata kombe la kunywa lililoandikwa aya, vitaje vyote bila haya. Mimi nilitaja, hakuna aliyenicheka.

Mimi nilitoka na amitriptilini, dozi ndogo ya usiku. Shemegi kusikia ni dawa ya sonona, akapata msimu mpya. Dawa hiyo kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, miaka mingi inatumika hivyo. Nikapewa na mazoezi. Usiende ukitegemea utatoka umepona siku hiyo. Hakuna aliyeniahidi hivyo. Waliniuliza nataka kuweza kufanya nini. Nikasema: nisali nimesimama, na nikae juu ya mbuzi nikune nazi. La kwanza nimelipata. La pili bado, nanunua tui.

Na nyinyi mnaonisoma nawajua, mna mipango: huyu digrii, huyu duka, huyu kaanza nyumba Gombani. Mipango yote hiyo inabebwa na mgongo mmoja. Wanawake hasa, tumelelewa kuficha. Unakunja uso, unafagia. Unalia chooni, unatoka unakaribisha wageni. Nani kakwambia hiyo ndiyo subira? Subira haimkatazi mtu kutibiwa. Andika, mwanamke. Sema, mwanamke. Kadi ya bima, iwe ya ZHSF, ule Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, au nyingine, uliza kwanza kama inapokelewa huko uendako.

Lakini mkojo au choo kikianza kukutoka bila kujua, au mkojo ukagoma kutoka, au ganzi ikaingia sehemu za siri na makalio, au mguu ukaanza kulegea, hapo miadi na daftari weka kando. Hiyo ni dharura ya uti wa mgongo. Nenda hospitali, iwe Abdulla Mzee ya Mkoani, iwe Chake, iwe Wete, popote palipo karibu, usiku huo huo.