Maji ni meupe kabisa, mbona sato wanakufa?

SWALI: Nina tangi la lita 5,000 hapa Dodoma. Fundi alinifungia mfumo wa kuzungusha maji, akasema sitabadilisha maji tena. Niliweka vifaranga wa sato siku hiyohiyo. Wiki ya pili wanatweta juu ya maji na kufa, ingawa maji ni meupe. Niongeze pampu?

JIBU: Pampu ya pili itazungusha sumu ileile. Sumu hiyo ni amonia, nayo haina rangi. Samaki huitoa kwenye matamvua, nayo huyeyuka majini na kupita katika sponji yako kama haipo. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoota ndani ya chujio: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na ukali. Kuwalea huchukua wiki nne hadi sita. Fundi wako hakukuambia.

Sasa hivi simamisha chakula, usizime kipuliza hewa, na badilisha theluthi ya maji. Ya bomba yapulizie hewa siku nzima kwanza, klorini itoke. Kisha funua tamvua la samaki aliyekufa sasa hivi: likiwa na rangi ya kahawia badala ya nyekundu, ni nitriti, damu imeshindwa kubeba oksijeni. Chumvi ya kawaida kidogo huizuia nitriti isiingie mwilini.

Lakini hili la "hutabadilisha maji tena" nimelichoka. Mfumo huu unaokoa zaidi ya asilimia 90 ya maji, na kwa mji mkavu kama Dodoma hiyo si faida ndogo. Hata hivyo tope lazima litolewe na maji yafidiwe kila siku. Tena bakteria hao hula ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, pH (kipimo cha asidi) ikashuka, nao wakalegea; ndiyo maana tunaongeza bikaboneti ya soda. Mwingine akiona vifo humwaga tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, tangini, akaua na bakteria wachache waliokuwapo.

Wauzaji wa mifumo hii wanalijua hili. Angalia tangi la maonyesho: huenda ni kambare, ambaye huvuta hewa ya juu na kuvumilia maji ambayo sato hawezi. Kabla ya kulipa, dai vipimo vya amonia, nitriti na pH vya tangi la sato lililofanya kazi miezi sita, uulize wanalishwa kilo ngapi kwa siku na umeme ukikatika kinawashwa nini. Akikuonyesha maji meupe tu, ondoka na hela yako.