Wimbo wa kwanza usirukwe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama albamu mpya ya msanii huru, mwimbaji anayejitungia nyimbo zake mwenyewe, bado inastahili kusikilizwa mwanzo hadi mwisho, au inatosha mtu kuchukua nyimbo mbili tatu zilizomvutia na kuendelea na mengine. Mimi nasema isikilizwe yote, tena kwa mpangilio uleule alioupanga msanii. Sisemi hivyo kwa kutamani enzi za santuri. Nasema hivyo kwa sababu kuna nyimbo nzuri sana ambazo nje ya albamu hazina pa kuishi.

Chukueni Bright Future ya Adrianne Lenker, Mmarekani ambaye wengi wanamfahamu kama mwimbaji wa bendi ya Big Thief. Ilitoka Machi 22, 2024 kupitia 4AD, ambayo ni lebo huru, yaani kampuni ya kutoa muziki isiyo chini ya makampuni makubwa, nayo ina nyimbo 12. Wa kwanza ni "Real House". Hauna ngoma wala kiitikio cha kukushika sikio. Kuna sauti yake na piano ya Nick Hakim, inayopigwa polepole kana kwamba mpigaji anangoja kusikia neno linalofuata ndipo aamue kidole kiende wapi. Mwimbaji anazungumza na mama yake. Anakumbuka utoto, anakumbuka nyumba, anakumbuka kifo cha mbwa wa familia na jinsi alivyomwona mama huyo akilia. Unakwenda hivyo, bila haraka, kwa zaidi ya dakika tano.

Sasa upimeni wimbo huo kwa kipimo cha leo. Kwenye Spotify, programu ya kusikilizia muziki mtandaoni, wimbo hauhesabiwi kuwa umesikilizwa mpaka ufike sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haumpatii mwenyewe mrabaha hata senti. Mtunzi anayetaka kuingia kwenye hesabu hiyo analazimika kuleta kiitikio mapema, afupishe utangulizi, aanze kwa kishindo. "Real House" katika sekunde 30 za kwanza haujasema jambo lolote la kukuzuia usiuruke. Ungetolewa peke yake, ungepita bila watu kujua umepita. Ndani ya albamu una kazi maalumu: unapunguza mwendo wa msikilizaji. Ukifika wimbo wa pili, "Sadness as a Gift", na fidla ikaingia, masikio yameshakuwa tayari kwa sauti ndogo ndogo, na fidla hiyo inaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. "Ruined", pia wa piano, ulitangulia kutoka peke yake kabla ya albamu. Kisha ukawekwa mwisho kabisa, namba 12. Ni wimbo uleule, lakini ukiusikia baada ya nyimbo 11 umeshakutana na mama, na wapenzi waliokuja na kuondoka, na "Donut Seam", ambao unaaga penzi huku ukihofia maji ya dunia kukauka. Mtu anayekiri kwamba penzi limemvunja ukiwa ndiyo kwanza unamsikia ni mgeni kwako. Akikiri hivyo mwishoni mwa safari, huwezi tena kumwita mgeni.

Nigusie pia namna ilivyorekodiwa, maana inahusu hoja hii. Wanamuziki wachache, akiwemo Hakim, Mat Davidson na Josefin Runsteen, walikutana msituni, kwenye studio ya mitambo ya zamani, mwaka 2022. Philip Weinrobe alisimamia kazi, na sauti zote zilikwenda kwenye tepu bila kupitia kompyuta. Kwa njia hiyo huwezi kunyoosha noti iliyopinda kwa kubofya, mkishapiga, mmepiga. Ndiyo maana unasikia pumzi na chumba chenyewe, na watu wanaotazamana wakiwa wanacheza. Ukiuchomoa wimbo mmoja na kuuweka katikati ya nyimbo zilizosafishwa hadi kung'aa, utadhani una kasoro. Ukiuacha pamoja na ndugu zake, unasikia kwamba hiyo ndiyo lugha ya nyumba nzima.

Wapo watakaonijibu kwamba albamu nyingi zimejazwa nyimbo za kuongezea idadi. Ni kweli, nami sipingi. Hata hii niisifuyo, nusu yake ya pili ina nyimbo zinazokaribiana mno kwa mwendo, na ningekuwa mimi ningetoa mmoja. Lakini huo ni uamuzi wa kufanya baada ya kusikia kazi yote. Programu ya simu ikikuchagulia wimbo kwa sababu unafanana na ule uliousikia jana, haijakupa nafasi ya kuhukumu chochote.

Jambo la mwisho ni pesa, kwa sababu msanii huru hali sifa. Kusikiliza kwenye programu ni sawa kwa kuonja. Albamu ikikukaa moyoni, inunue, na kama msanii anauza mwenyewe, nunua kwake. Bandcamp, kwa mfano, tovuti ambako wasanii huwauzia wasikilizaji moja kwa moja, huchukua asilimia 15 ya muziki wa kidijitali, na tangu Machi 2020 imekuwa na Ijumaa maalumu ambazo haichukui fungu lake kabisa. Kwa msanii asiye na maelfu ya wasikilizaji, wanunuzi wachache wa albamu nzima wanamfaa kuliko umati wa waliosikiliza kipande. Na kwa kuwa swali lenu lilitaka pia tupendekeze mahali pa kuanzia kwa msomaji asiyezoea: chagueni albamu fupi, iliyo chini ya dakika 45, zimeni kile kitufe cha kuchanganya nyimbo, ambacho programu nyingine hukuwashia zenyewe, na msiuruke wimbo wa kwanza hata ukiwachosha. Mkifika wa tatu na bado albamu haijawashika, acheni, mjaribu ya msanii mwingine.